Sura ya Tano: Kutunga kwa Mara ya Pili

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake waliondoka Unguja kwa meli, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Bombay ili nyimbo zao zinaswe kwenye santuri. Hawakuwa na njia nyingine. Mitambo ilikuwa huko na mafundi walikuwa huko, basi mwenye sauti ndiye aliyesafiri. Santuri hizo za kampuni ya HMV ziliporudi zikaenea mwambao mzima, na mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kujulikana, akasikika majumbani mwa watu asiowajua, kwa lugha yao wenyewe.

Safari ile leo haihitajiki. Simu ya kawaida inanasa sauti kwa usafi ambao mafundi wa wakati wa Siti wasingeuota, na mtunzi anaweza kukaa chumbani kwake Tanga au Malindi, akarekodi shairi usiku, na asubuhi likasikilizwa Maskati. Wengi wameshaanza. Lakini kazi nyingi ninazozisikia zina kasoro moja: mtu ameandika, ameridhika, kisha amesoma alichoandika mbele ya simu kama anayesoma barua ya ofisini. Kwake yeye utunzi uliisha alipoweka nukta ya mwisho.

Sura hii inatetea mtazamo mwingine. Kurekodi ni kutunga kwa mara ya pili. Sikio linagundua yaliyolipita jicho, na mtunzi anayelisikiliza sikio lake hurudi kwenye karatasi akabadilisha maneno. Ufundi wote nitakaoueleza hapa, wa chumba, wa pumzi na wa kuhariri, unatumikia jambo hilo moja.

Tulikotoka

Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa sauti muda mrefu. Hata ulipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati ilikuwa mkononi mwa mtu wa kuighani, na waliokuwa wakiufurahia wengi wao hawakuwahi kuiona hati yenyewe. Amri Abeid, alipochapisha kanuni zake za kutunga mashairi mwaka 1954, aliuhesabu ushairi kuwa ni wimbo. Watunzi wengi wa mashairi ya arudhi bado wanaamini hivyo.

Kila chombo kipya kilipofika, ushairi ulikipanda. Redio ilipoingia, mashairi yaliyotumwa kwa posta yalighaniwa hewani, na hadithi zikapata vipindi vyake. Watoto wa Tanzania wa vizazi kadhaa walilelewa na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Kaseti ilipofika, watu wakapata kitu ambacho redio haikuwapa: uwezo wa kunasa wenyewe na kugawana wenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 Lamu ilikuwa katika mvutano mkali wa uchaguzi, na washairi wa pande mbili walijibizana kwa tungo zinazojulikana hadi leo kama Kimondo. Miongoni mwa waliotunga alikuwemo Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu Ustadh Mau. Tungo hizo zilighaniwa, zikaingizwa kwenye kanda, na kanda zikazunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Mtu aliyekuwa na redio kaseti na tepu tupu aliweza kuwa msambazaji.

Podikasti ya nyumbani ni mtoto wa kanda zile. Hakuna mhariri wa kituo anayekupangia dakika, wala mdhamini anayekungoja umalize. Uhuru huo unakuja na jukumu: hakuna fundi mitambo pia, wala mtu wa kukunong'oneza kwamba mshororo wa tatu umechechemea. Kazi hizo zote ni zako.

Mizani zinazomezwa

Tuanze na shairi, kwa sababu ndiko sikio linakotoa hukumu haraka. Huu hapa ubeti nilioutunga kwa ajili ya zoezi:

Yanyesha juu batini, usiku umeshafika,
Nimekaa kitandani, shuka nimejifunika,
Simu iko mkononi, sauti inatamka,
Neno litoke moyoni, lipate kueleweka.

Hesabu kwa vidole. Kila kipande kina mizani nane, kila mshororo kumi na sita. Vina vya kati ni "ni", vya mwisho ni "ka". Jicho halina la kulalamikia.

Sasa urekodi kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, kisha usikilize mshororo wa kwanza mara tatu mfululizo. "Juu" ina irabu mbili, kila moja na mizani yake. Ulimi wenye haraka huzitamka kama moja, na kipande kinabaki na mizani saba. Ukifika "usiku umeshafika", u inayofunga neno la kwanza inakutana na u inayofungua la pili, nazo zinayeyukiana. Mshororo wa tatu una mtego uleule: "sauti inatamka" hutoka mdomoni kama neno moja refu, i moja imepotea njiani. Na ile m ya "inatamka" ni silabi kamili. Isipopewa muda wake, mizani nyingine imekwenda. Kwa hesabu ya sikio ubeti huu, ulio sawa kabisa karatasini, unaweza kupungua mizani nne kabla ya kufika kituo.

Sikiliza sasa "shuka nimejifunika". Hakuna irabu inayogongana na mwenzake, kila silabi imefunguliwa na konsonanti, na kipande kinapita bila msomaji kufanya juhudi yoyote.

Mtunzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha kinywa: aipe kila irabu haki yake, kama waghani wazoefu wanavyofanya, kwa kuivuta kidogo au kuigusa upya. Njia hii inafaa ukiwa unaghani, kwa sababu mahadhi yanatoa nafasi ya kuvuta. Ya pili ni kurekebisha shairi. "Usiku umeshafika" inaweza kuwa "kiza kimeshatufika", na "sauti inatamka" ikawa "sauti yangu yaruka". Mizani ni nane zilezile, vina ni vilevile, na kikwazo kimeondoka. Tena picha imeongezeka uzito, kwa kuwa sauti inayoruka inakwenda mahali. Badiliko hilo lisingekuja kwa kutazama ukurasa. Limeletwa na sikio.

Kabla ya kurekodi amua unasoma, unaghani au unaimba, maana kila moja ina sheria zake. Anayesoma huacha pumziko dogo kwenye kina cha kati na kubwa zaidi kwenye kina cha mwisho, asikikandamize kina kwa nguvu kwa sababu kina kinasikika chenyewe. Anayeghani huivuta irabu ya kina na kuishusha au kuipandisha kwa mahadhi aliyoyachagua, na ayashike mahadhi hayo hadi mwisho. Anayeimba akumbuke kwamba msikilizaji wa podikasti yuko peke yake na anataka kuyasikia maneno. Mapambo ya sauti yakizidi, maana inazama. Si lazima mtunzi awe mghani wa kazi yake. Pwani mtunzi kumkabidhi shairi mwenye sauti nzuri ni jambo la heshima, na hata nyumbani kwako huenda binti yako au jirani ana koo linalolifaa shairi hilo kuliko lako.

Utenzi una mahitaji yake. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na cha nne kinabeba bahari inayodumu utenzi mzima. Msikilizaji, ajue asijue, anaingoja bahari. Basi pumzi kubwa ivutwe baada ya bahari, kamwe isivutwe kabla yake. Ukiwa na utenzi mrefu, tuseme wa beti mia moja hivi kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ugawe katika vipindi, na kila kipindi kiishie pale ambapo mawazo yanageuka.

Mashairi huru, yaliyopata nguvu vitabuni tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, hayana kina wala mizani ya kumshika mkono msikilizaji. Kazi hiyo inafanywa na ukimya. Chukua kalamu, uweke mkwaju mmoja kwenye hati pale panapotaka pumziko fupi na miwili pale panapotaka refu. Ukirekodi, hesabu mapumziko hayo kimoyomoyo. Mtu aliye peke yake mbele ya simu huwa anaogopa ukimya na kuukimbia.

Hadithi na huyo "a" ni nani

Hadithi iliyoandikwa ikasomwa vilevile huanguka mahali ambapo mwandishi hakutarajia. Tazama sentensi hii: "Juma alimkuta Hamisi nyumbani kwake, akamwambia kwamba baba yake amefika na anamtafuta." Nyumba ni ya nani? Baba ni wa nani? Anatafutwa nani? Msomaji wa kitabu hurudisha jicho nyuma, akapima, akaendelea. Msikilizaji anakaanga vitumbua au amesimama kwenye daladala. Akipotea mara mbili, hatafuti tena njia.

Viambishi vyetu vya nafsi ya tatu havibagui mwanamume na mwanamke, wala havionyeshi nani ni nani. Ni uzuri wa lugha, na sauti hai huubeba kwa kidole, kwa jicho na kwa kugeuza kichwa. Maikrofoni haioni kidole. Kwa hiyo unapoandika kwa ajili ya sikio, taja jina mara nyingi kuliko unavyotaja kwenye ukurasa, na vunja sentensi: "Juma alikwenda nyumbani kwa Hamisi. Akamkuta. 'Hamisi, mzee wako amefika. Anakutafuta.'" Mazungumzo ya moja kwa moja yametatua yote. Wape wahusika majina yasiyofanana mwanzoni wala mwishoni. Zuhura na Zahara katika hadithi moja ni mateso kwa msikilizaji.

Jambo la pili ni kiitikio. "Paukwa!" ya msimulizi huomba "Pakawa!" ya hadhira, na ukirekodi peke yako hakuna wa kujibu. Kuna wasimulizi wanaoitamka wenyewe kwa haraka na kuendelea, na hapo mlango unafungwa kabla mgeni hajaingia. Toa "Paukwa" kisha unyamaze kwa kiasi ambacho mtu angehitaji kuitikia. Atakayesikiliza na watoto wake jioni atasikia nyumba nzima ikikujibu. Au waite watoto wa nyumbani wakae karibu na waitikie kweli. Vicheko vyao vya kujizuia vina thamani kuliko muziki wowote wa kufungulia kipindi.

Jambo la tatu ni milio. Wanaoanza hupoteza muda mwingi mtandaoni wakitafuta mlio wa mlango, mlio wa mtu kutumbukia majini, mlio wa upepo. Kiswahili kimekwisha kutuwekea hazina hiyo: jiwe linaingia majini chubwi, mzigo unaanguka pu, nyumba inanyamaza jii, nguo ni nyeupe pee. Tanakali za sauti zilibuniwa na watu waliosimulia gizani bila chombo chochote. Zitamke kwa kuzikusudia, zipe pumziko kabla na baada, na msikilizaji atasikia maji.

Chumba

Watu hununua maiki kabla ya kukijua chumba chao, na fedha inapotea. Simama katikati ya sebule yenye kuta za saruji na sakafu ya vigae, upige kofi moja. Utasikia mlio mwembamba unaofuata. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ikitoka mdomoni, ikagonga ukuta ulio mita tatu mbele na kurudi, imechelewa kwa chini ya sehemu mbili za mia za sekunde. Ubongo unaisikia kama sehemu ya sauti yenyewe, haiwi mwangwi wa kuhesabika. Ukiwa mle chumbani, masikio mawili na ubongo hukusaidia kuipuuza. Maiki haina msaada huo. Inachukua yote, na ukisikiliza baadaye unasikika kama uliyekuwa unaongea ndani ya pipa. Kasoro hii ni ngumu sana kuiondoa baada ya kurekodi.

Dawa yake ni vitu laini na vinene. Chumba cha kulala chenye godoro, chandarua, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa kinashinda sebule nzuri kuliko zote mtaani. Ukiegemeza godoro la ziada ukutani nyuma yako, na ukatandika blanketi juu ya meza mbele yako, umeua sehemu kubwa ya mwangwi bila kutoa shilingi. Wako wanaojifunika blanketi kichwani pamoja na simu. Matokeo ni mazuri kwa shairi fupi, ila joto la pwani halimruhusu mtu kumaliza hadithi humo.

Kisha kelele. Zima feni, na ukiweza chomoa friji kwa muda huo, na weka funguo za nyumba juu yake ili usisahau kuirudisha. Weka simu katika hali ya ndegeni. Paa la bati na mvua havipatani na kazi hii, na jua kali nalo hulifanya bati lilie kwa kutanuka. Kila mtaa una ratiba yake ya kelele: bodaboda, adhana, kengele ya shule, jogoo, fundi wa kuchomelea. Iandike ratiba ya mtaa wako kwa wiki moja na utaona upenyo. Kwa wengi wetu upenyo huo upo kati ya saa tano za usiku na alfajiri.

Si kila mlio wa nyumbani ni adui. Hadithi ya kisimani ikisindikizwa na njiwa kwa mbali haijaharibika. Kinachochosha sikio ni mvumo usiokoma, na kinachovunja usimulizi ni mlio wa ghafla unaoingia katikati ya neno.

Mdomo, pumzi na maiki

Katika simu nyingi maiki kuu iko chini, karibu na tundu la chaji. Iweke simu juu ya kitu laini au kwenye kishikio, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na uielekeze kidogo kando ya mdomo badala ya kuikabili. Sababu ni p na b. Weka kiganja mbele ya midomo useme "pepo". Utahisi upepo unaopiga. Upepo huo ukiingia moja kwa moja kwenye maiki hutoa mshindo mzito. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu wajihadhari zaidi, kwa kuwa lahaja zao zina p, t, ch na k zinazotoka na pumzi: "paa" ya nyumba na "paa" mnyama haziko sawa mdomoni mwao, ingawa karatasini zimeandikwa sawa. Usiiondoe tofauti hiyo kwa kuogopa maiki. Geuza simu tu.

Ukiwa na programu inayoonyesha kiwango cha sauti, vilele vya juu visifike sifuri. Desibeli sita chini yake panatosha. Sauti iliyopita kiwango hupasuka, na iliyopasuka haiungiki. Rekodi katika WAV kama simu inaruhusu. Dakika kumi za WAV ya mono huchukua megabaiti 53 hivi, kwa hiyo futa picha usizozihitaji kwanza.

Simama, au kaa wima. Kunywa maji ya uvuguvugu. Soma shairi lote kwa sauti kabla ya kuwasha chochote. Mwanzoni nyamaza nusu dakika huku simu inanasa, ili upate ukimya wa chumba chako. Utauhitaji wakati wa kuhariri. Ukikosea, usizime. Piga kofi moja, nyamaza kidogo, rudi mwanzo wa mshororo au wa sentensi, endelea. Kofi hilo litaonekana kama mnara kwenye mchoro wa mawimbi, na utajua pa kukata.

Kuhusu sauti yako mwenyewe: karibu kila mtu huichukia anapoisikia mara ya kwanza. Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huongeza uzito wa sauti za chini. Maiki inachukua ya hewani peke yake. Hiyo nyembamba unayoishangaa ndiyo ambayo watu wako wamekuwa wakiisikia na kuipenda miaka yote. Usiigeuze iwe ya mtangazaji wa redio.

Kukata kwa huruma

Audacity, programu ya bure iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, inatosha kwa mwenye kompyuta, na zipo programu nyingi za simu zenye uwezo wa kukata na kuunga. Fanya kazi kwa hatua. Kwanza hifadhi nakala ya rekodi ghafi usiyoigusa. Pili ondoa makosa yenye kofi. Tatu punguza mvumo ulio chini ya hezi 80, mahali ambapo sauti ya binadamu haina la kupoteza. Nne sawazisha ukubwa wa sauti, ili msikilizaji asipandishe na kushusha simu yake kila dakika.

Usiondoe pumzi zote. Pumzi ndogo kabla ya mshororo humwandaa msikilizaji. Ukizifuta, msimulizi anasikika kama mashine na sikio linachoka bila kujua kwa nini. Punguza zile zinazosikika kuliko maneno, basi. Unapounga vipande viwili, jaza pengo kwa ule ukimya wa chumba uliounasa mwanzo, kwa sababu kimya kitupu cha kompyuta husikika kama shimo.

Halafu acha kazi ilale usiku mmoja. Asubuhi isikilize ukitembea, bila hati mkononi. Mahali ambapo mawazo yako yametoka nje ya hadithi, hapo pana tatizo la utunzi, na hakuna programu inayolitibu. Rudi kwenye karatasi. Andika upya. Rekodi sehemu hiyo tena, chumba kilekile na umbali uleule. Wanaoiona hatua hii kuwa ni adhabu wananikosesha raha, kwa sababu hapa ndipo mashairi dhaifu yanapogeuka kuwa mazuri.

Kuitoa nje

Jina la podikasti lilianza kuonekana gazetini mwaka 2004, katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza, na mwaka uliofuata Apple ikaziingiza kwenye duka lake la muziki. Utaratibu wake haujabadilika sana. Faili la sauti linakaa kwenye huduma ya kuhifadhi, na huduma hiyo hutoa orodha inayojisasisha, iitwayo RSS. Programu za kusikilizia huisoma orodha na kumletea msikilizaji kipindi kipya. Zipo huduma za bure, kama Spotify for Creators. Utahitaji jina, maelezo mafupi, na picha ya mraba yenye pikseli zisizopungua 1,400 kila upande.

Fikiria bando la msikilizaji. Sauti ya mtu mmoja ikibanwa kuwa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika kumi huwa megabaiti tano hivi, na maneno yanabaki safi. Kama wasikilizaji wako wako WhatsApp, watumie faili kama hati. Ukilicheza na kulirekodi tena kama ujumbe wa sauti, litabanwa hadi ladha ya shairi ipotee.

Kazi yako ina hakimiliki tangu ilipoandikwa au kunaswa. COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya ndizo ofisi za kwenda kwa usajili na ushauri. Haki hiyohiyo anayo mwenye taarabu unayotamani kuiweka chini ya shairi lako, hivyo omba ruhusa au mwite kijana wa mtaani mwenye udi au kalimba akupigie kitu kipya, na umtaje. Tanzania ina pia kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020. Zisome kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kabla ya kuifanya podikasti kuwa biashara.

Kwa ajili ya watakaokuja

Tunayo maneno ya Muyaka bin Haji kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi vichwani, Mwalimu Sikujua akayakusanya, na William Taylor akashiriki kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Lakini Muyaka alifariki karibu mwaka 1840, na kifaa cha kwanza cha kunasa na kurudisha sauti, cha Thomas Edison, kilitengenezwa 1877. Mahadhi aliyoyatumia, pahali alipovuta pumzi, neno alilolikejeli kwa kulitamka polepole, hayo yote yamekwenda naye. Wataalamu wanabishana juu ya maana za beti zake, na nina hakika kusikia ubeti mmoja kinywani mwake kungemaliza nusu ya mabishano.

Wewe huna udhuru wa wakati. Mwanzo wa kila rekodi sema jina lako, mahali, tarehe, aina ya shairi na lahaja unayoitumia. Hifadhi WAV ya asili sehemu mbili tofauti, mojawapo ikiwa nje ya simu, maana simu huibwa na kuanguka majini. Na ukishaweza kujirekodi mwenyewe, mkalie mzee mmoja wa ukoo au wa mtaa anayejua tenzi au hadithi ambazo hazijaandikwa, umwombe idhini, umwekee godoro ukutani na umpe muda wake.

Zoezi la sura hii ni dogo. Chagua shairi moja fupi uliloliona limekamilika. Lirekodi usiku wa leo kwa masharti yaliyoelezwa hapa. Kesho lisikilize bila karatasi, uandike kila mahali ulimi ulipojikwaa na kila mizani iliyomezwa, urekebishe maneno, urekodi tena. Weka rekodi zote mbili. Sura ijayo, itakayozungumzia sauti mbili katika kipindi kimoja, itakutaka uwe nazo.